Siku Mkia wa Injini Ulipogeuka

Watu hufurahi wakigundua kuwa walikuwa sahihi. Sindano hajawahi kufurahi kama siku ile alipogundua kuwa amekosea, tena kosa la kitoto, mbele ya mkurugenzi na mteja, huku bendeji ikiburuzika nyuma yake. Mpaka leo ukimkumbusha atacheka hadi ajishike mbavu. Jana yake, lakini, hakuwa na kicheko hata cha kuazima.

Sindano ndilo jina aliloitwa kazini na nyumbani, kwa wembamba wake na kwa ulimi wake unaochoma. Alikuwa mhandisi katika karakana inayotengeneza injini ndogo za kusukuma satelaiti. Usije ukafikiria injini ya gari. Hizi hazichomi mafuta. Unaingiza gesi kidogo, unaipiga umeme mpaka inapasuka kuwa chembe zenye chaji, inawaka rangi ya zambarau, na hapo inaitwa plazma. Mdomoni mwa injini kuna sumaku za mviringo, na uga wake, yaani eneo linalofikiwa na nguvu zake, unafunguka kama mdomo wa tarumbeta. Plazma inatoka kwa kuufuata uga huo na kuwa mkia mrefu unaong'aa, na injini inasukumwa upande wa pili. Yote hayo hufanyika ndani ya tangi kubwa la chuma lililonyonywa hewa, kwa sababu huko juu satelaiti zinakokaa hakuna hewa.

Kazi ya Sindano ilikuwa swali moja tu: mkia ukishatoka, unaiachia sumaku au unaing'ang'ania? Mkia unaoachia unakwenda zake, nayo satelaiti inakwenda zake. Unaong'ang'ania hujikunja ukarudi, ukailamba satelaiti yenyewe na kuchafua paneli za jua zinazoipa umeme. Jibu limo ndani ya mkia wenyewe. Humo kuna mikondo ya umeme inayozunguka kama pete, na kila mkondo hutengeneza usumaku wake mdogo. Pete zikizunguka upande mmoja, usumaku wao unapingana na ule wa injini, unausukuma kando, na mkia unapata upenyo. Zikizunguka upande mwingine, zinaungana nao, na mkia unanasa. Ubishi wote ulikuwa hapo, pete zinazunguka upande gani.

Mtu aliyelijibu swali hilo kwanza, miaka mingi nyuma, alikuwa mjomba wake.

Huyu alikuwa kaka wa mama yake hasa, si mjomba wa kuokota. Baba yake Sindano alipofariki, mjomba ndiye aliyekuja kila jioni kumtoa uoga wa hesabu kwenye meza ya jikoni, vitunguu upande huu, daftari upande ule. Kazini aliitwa Profesa, na Sindano naye alimwita Profesa, kwa kujitahidi. Siku alipoajiriwa, fundi wa pampu aliyebandikwa jina la Filimbi, maana hawezi kukaza nati bila kupiga mluzi, alisema hadharani kuwa hapa ukitaka kazi, tafuta mjomba. Maneno hayo yalimkaa Sindano kooni kama mwiba wa samaki. Kuanzia hapo neno mjomba aliliacha getini kila asubuhi, pamoja na mwavuli.

Kipimo cha mjomba kilisema pete zinapingana na sumaku, yaani mkia unaachia. Injini nzima ilijengwa juu ya jibu hilo. Sasa alikuwa anakaribia kustaafu, na injini ilikuwa imepata mteja, mama mmoja mwenye satelaiti za kutazama mashamba. Mama huyo hakuwa mtu wa kununua mbuzi kwenye gunia. Alitaka mkia upimwe upya, kwenye injini ileile itakayopanda, kwa vifaa vidogo zaidi vinavyofika pale ambapo vya zamani havikufika. Kazi akapewa Sindano.

Kifaa chenyewe ni koili, waya mwembamba kama unywele uliozungushwa kwenye kijiti cha kauri. Koili haisikii uga uliotulia, husikia ukibadilika tu. Fikiria friji jikoni kwako: huisikii ikinguruma mpaka inyamaze. Kwa hiyo wanauwasha mkia, wanausubiri utulie, halafu wanaukata ghafla. Mikondo inakufa, usumaku wake unakufa nao, na koili inashtuka. Mstari kwenye skrini unaruka. Ukiruka juu, mkia unaachia. Ukizama chini, unang'ang'ania.

Wiki mbili kabla, Sindano aliteleza kwenye ngazi akiwa amebeba bomba la pampu, akateguka kifundo cha mkono wa kulia. Wengine wangelala nyumbani. Yeye alizaliwa mtu wa shoto. Samaki mkunje angali mbichi, mama yake alikuwa akisema, na kweli alimkunja, kofi baada ya kofi kwenye mkono wa kushoto, mpaka mtoto akaandika na kula kwa wa kulia kama wenzake. Lakini mkono ule haukusahau. Kifundo kilipoteguka ulirudi kazini wenyewe, ukashika kijiko, mswaki, kitana, ukamsukia na koili zake mpya mbili. Hata alijisifu kidogo.

Mchana ule wa jana yake wakauwasha mkia, wakausubiri, wakaukata. Mstari ukazama chini.

Wakarudia. Ukazama. Mjomba alisimama nyuma ya kiti cha Sindano, miwani ameipandisha kwenye paji la uso.

"Waya mwekundu uko wapi?"

"Kwenye tundu lake, Profesa."

"Uchomoe, uuchomeke tena."

"Nimeshauchomoa mpaka tundu limelegea."

"Na koili? Ulipima nguvu zake?"

"Kwenye mashine. Zote mbili ziko sawasawa."

Walirudia tena, mara injini ikiwa na gesi nyingi, mara kidogo. Kila walipoukata mkia, mstari ulizama kama jiwe kisimani. Filimbi aliacha kupiga mluzi, na hiyo pekee ilitosha kumwogopesha mtu. Mwisho mjomba alivuta kiti akakaa karibu naye. Alisema polepole, kwa sauti ya kwenye meza ya jikoni.

"Basi. Imesema."

"Tupime tena, Profesa."

"Tumepima mpaka koili imetuchoka. Nisikilize, mwanangu. Kesho kwenye kikao nitasimama mimi. Nitasema kipimo changu cha zamani kilikuwa kibovu, na injini isipande."

"Kwa nini wewe? Aliyepima ni mimi."

"Ukisimama wewe kuniangusha, watasema huna adabu. Ukinyamaza, watasema unamfichia mjomba wako. Nikisimama mimi, nani atasema nini?"

Alimpigapiga begani, akachukua koti lake, akaondoka. Sindano alibaki akiutazama mgongo wake ukipotea kwenye ukumbi mrefu. Alijisikia vibaya kuliko siku zote alizowahi kujisikia vibaya, na sitazunguka kulisema hilo. Mzee yule alikuwa anakwenda kuivunja kwa mdomo wake kazi ya maisha yake, ili yeye asinyooshewe kidole. Na lililomuuma zaidi ni kwamba hakuwa na la kumzuilia. Namba zilikuwa zake mwenyewe, amezipima mwenyewe, na yeye si mtu wa kupindisha namba kwa sababu ya undugu.

Asubuhi alipita zahanati iliyo mtaa wa nyuma ya karakana, maana ilikuwa siku yake ya kuangaliwa mkono. Kikao kilikuwa cha baadaye kidogo. Nesi, mama mnene mchangamfu, aliushika mkono wake akaanza kuifungua bendeji, mara akasita.

"Nani amekufunga hivi, dada?"

"Mimi mwenyewe. Ya kwenu ililowana nikioga."

"Ndiyo maana. Naifungua naona inanikatalia. Umeizungusha kinyume."

"Kinyume na nini?"

"Na sisi. Sisi tunazungusha hivi." Alionyesha hewani kwa mkono wake wa kulia. "Wewe umefunga kwa kushoto, imekwenda hivi. Mkono wa kushoto huo, kila ukizungusha kitu unakwenda njia yake. Haidhuru lakini, bendeji haina mbele wala nyu—Dada? Nimekuumiza?"

Sindano alikuwa ameganda. Alikuwa akiitazama bendeji kama mtu anayesoma. Bendeji haina mbele wala nyuma, kweli. Koili inayo.

Pale karakana kulikuwa na desturi moja, ya zamani kiasi kwamba hakuna aliyeiona tena kuwa desturi. Kila mtu husuka koili kwa namna ileile: kijiti mkono wa kushoto, waya mkono wa kulia, unazungusha kwa juu kuelekea mbele yako, unaanza na mwisho utakaoupaka rangi nyekundu. Kwa sababu wote walisuka hivyo, waya mwekundu ulikuwa na maana moja tu, na hakuna aliyewahi kuuliza koili imezungushwa upande gani. Sindano naye alifanya yote kama alivyofundishwa, ila mikono ilikuwa imebadilishana kazi. Kijiti kulia, waya kushoto. Koili ilitoka kama picha kwenye kioo, nzuri, safi, na kila ilichokisema ilikisema kinyume.

"Mama," alimwambia nesi, "umeniokoa."

"Mimi? Hata sijamaliza kufungua!"

Lakini mgonjwa alikuwa ameshafika mlangoni. Alimpigia mjomba simu akikimbia, haikupatikana. Mjomba alikuwa na kawaida ya kuizima simu akiingia tu karakana, kwa imani kwamba simu zinazisumbua koili. Sindano alilaani imani hiyo kwa mara ya kwanza maishani. Aliupita mtaa wa nyuma, akaingia getini bila kusalimia, na mlinzi akapaza sauti, "Dada, kamba yako inakufuata!" Hakugeuka. Yeye ambaye humkemea kila mtu kwa kukimbia kwenye korido, alikimbia kwenye korido.

Chumba cha kikao kilikuwa ghorofa ya juu, chumba cha koili chini. Miguu ilitaka kupanda. Alijilazimisha kuingia chini kwanza, kwa sababu kuhisi si kujua, na mwalimu wake alikuwa mjomba wake. Koili moja ilikuwa ndani ya tangi, lakini pacha wake alikuwa kwenye droo. Aliitoa, akatoa na koili moja ya zamani aliyoisuka mjomba, akaziweka chini ya lenzi kubwa. Alitazama hii, akatazama ile. Nyuzi za mjomba zililala zikiinamia huku. Zake zililala zikiinamia kule.

Alishusha pumzi ambayo aliona kama ameibana tangu jana. Kisha akazoa koili zote mbili, sumaku moja na kipimio kidogo chenye mshale, akapanda ngazi mbili mbili, zilezile zilizomtegua.

Alipofungua mlango mjomba alikuwa ameshasimama. Alivaa suti yake ya arusi na misiba, mikono ameiegemeza mezani. Mkurugenzi alikaa kichwani mwa meza, mteja pembeni yake, Filimbi na wengine ukutani.

"Ndugu zangu," mjomba alikuwa anasema, "kabla hatujaanza nina neno. Kile kipimo nilichokifanya zamani, ambacho nyote mmekuwa mkikitegemea—"

"Mjomba, keti!"

Chumba kizima kiligeuka. Hakuna aliyewahi kumsikia mtu akimwambia Profesa aketi, na hakuna aliyewahi kumsikia Sindano akisema neno lile ndani ya kuta zile. Sindano mwenyewe hakujua amelisema. Alikuwa anahema, bendeji imemninginia kutoka kifundoni hadi sakafuni.

Mjomba alimtazama, kisha akaitazama bendeji. Akaketi.

"Samahani sana," Sindano alisema, "shikamooni wote. Kipimo cha zamani ni kizima. Kibovu ni cha jana, na aliyekiharibu ni mimi."

"Jana mliniambia mmekirudia mpaka mkachoka," mkurugenzi alisema.

"Tulirudia kosa, mkuu. Kosa ukilirudia halipungui." Aliweka koili mbili mezani, akaunganisha ya mjomba kwenye kipimio, waya mwekundu kwenye tundu jekundu. Aliisogeza sumaku karibu, na mshale ukaruka kulia. Akaunganisha ya kwake vilevile, mwekundu kwenye jekundu. Akaisogeza sumaku vilevile. Mshale ukaruka kushoto.

Alirudia, taratibu, kila mtu aone. Kisha akaeleza habari ya mkono, ya kijiti na waya. Akaeleza na kwa nini ile mashine haikumuumbua: mashine inaitikisa koili kwa uga unaokwenda na kurudi, kwa hiyo inajua tu koili inapiga kelele kiasi gani, haijui kama imesema ndiyo au hapana. Filimbi alianza kutabasamu kabla hajamaliza.

"Kwa hiyo," mteja alisema, akiwaangalia mmoja mmoja, "mkia wangu unaachia au hauachii?"

"Unaachia, mama. Mkia mzima, injini nzima. Mwenye hitilafu ni mkono wangu."

Mtu mmoja alicheka, halafu wote. Ni kicheko cha watu waliokuwa wamejiandaa kwa msiba wakaambiwa marehemu anaomba chai. Mkurugenzi alijifuta jasho shingoni. Mjomba peke yake hakucheka. Alikuwa ameishika koili ya Sindano mkononi, anaigeuzageuza karibu na macho.

"Uliisuka kwa kushoto," alisema.

"Ndiyo."

"Mama yako alisema ameshautoa mkono huo."

"Hakuutoa. Aliusimamisha kazi tu."

Hapo ndipo mzee alipocheka, na alipoanza hakuweza kuacha, machozi yakamtoka, akatoa leso, akajifuta, akaanza tena. Sindano naye akacheka, akakalia kiti cha mtu mwingine. Alihisi mwepesi, mwepesi kabisa, kama aliyetuliwa mtungi kichwani baada ya njia ndefu.

"Haya, basi geuzeni nyaya mbili tutie saini," mkurugenzi alisema. "Mwekundu uwe mweusi, mweusi uwe mwekundu. Kazi imekwisha."

"Hapana," mjomba na mpwa walisema kwa pamoja.

"Kugeuza waya mpaka upate jibu unalolipenda ni rahisi mno," mjomba aliongeza. "Tutafungua tangi, tuweke koili iliyosukwa kwa kulia, tupime upya. Mama, utatusubiri?"

"Nitasubiri," mteja alisema. "Ninyi watu mnaobishana na habari njema, ninyi ndio ninaowataka. Chai ipo?"

Chai ilikuwepo. Mjomba alivua koti la suti, akakunja mikono ya shati, akakaa kwenye benchi la chini akasuka koili mpya, kijiti kushoto, waya kulia. Sindano alimshikia taa kwa mkono wake wenye kosa. Kila mara mmoja wao alikumbuka, akaguna kwa kicheko, na mwenzake akaambukizwa. Filimbi alifungua tangi, akaweka koili mahali pake, akafunga, akaanza kunyonya hewa huku mluzi wake umerudi kwa nguvu zote. Kunyonya tangi hakuna njia ya mkato. Mteja alimaliza birika, akaletewa jingine.

Jua lilikuwa limehamia dirisha la pili mkia ulipowashwa. Kwenye kioo kizito cha tangi walisongamana wote kuutazama, zambarau, umetulia, ukinyooka kuelekea mwisho wa tangi bila kelele yoyote. Sindano aliweka kidole kwenye kitufe cha kukatia. Alijua jibu, lakini moyo ulimwenda mbio vilevile.

Akakata. Giza ndani ya tangi. Kwenye skrini mstari ukaruka juu.

Wakawasha, wakakata. Juu. Mteja aliomba abonyeze mwenyewe, akabonyeza. Juu. Mama yule alipiga makofi, na mkurugenzi akaanza kutafuta kalamu aliyokuwa nayo sikioni.

"Nilisema mimi," Filimbi alitangaza, "hapa ukitaka kazi, tafuta mjomba. Nilisahau kumalizia: na ukitaka heshima yako ikae salama, tafuta mpwa."

Safari hii maneno yake hayakumchoma Sindano. Ule mwiba wa kooni, ukimwuliza, hakumbuki ulitoka saa ngapi. Alimgeukia mzee aliyesimama nyuma ya kiti chake, miwani juu ya paji.

"Profesa, umeona?"

Mjomba alishusha miwani. Alijifanya anausoma mstari.

"Profesa?"

"Nani huyo?" alisema. "Asubuhi kule juu uliniita nani?"

Mluzi wa Filimbi ulinyamaza. Wote walikuwa wakisikiliza, na Sindano alijua wanasikiliza.

"Mjomba," alisema. "Mjomba, umeona? Imeruka juu."

"Nimeona, mwanangu."

Mjomba aliunyanyua mkono wa kushoto wa Sindano uliokuwa kando ya kitufe, akaupiga kikofi kidogo, vilevile kama mama yake alivyokuwa akiupiga zamani, kisha akaushika asiuachie.